Sura ya Nne: Mshenga na Kufu

Katika miji ya pwani yetu, toka Lamu hata Kilwa, kijana aliyetaka kuoa hakwenda mwenyewe kubisha hodi katika nyumba ya watu, wala wazazi wake hawakuondoka asubuhi kama waendao sokoni kununua samaki. Alitafutwa mtu mzima, mwenye ulimi mwema na wajihi unaojulikana mjini, akakabidhiwa barua ya posa, naye akaitwa mshenga. Dhima yake ilikuwa kubwa kuliko kubeba karatasi. Alitakiwa azijue nyumba zote mbili, aseme ya huku bila ya kuyatia chumvi na ya kule bila ya kuyapunguza, na juu ya yote hayo alipime lile jambo ambalo wazee wetu, kwa neno walilolipokea katika sheria ya dini, waliliita kufu, yaani kwamba wawili hawa wanalingana kiasi cha kukaa chini ya dari moja pasipo mmoja kumwona mwenziwe kuwa mzigo. Na ndoa ilipokwisha kufungwa, mshenga hakuaga akaenda zake. Siku nyumba ilipoingia moshi yeye ndiye aliyeitwa kwanza, akaambiwa: wewe uliyetuletea mtu huyu, njoo utusikilize.

Nimefungua sura hii kwa habari ya ndoa, ilhali kitabu ni cha elimu, kwa kuwa sikuona katika desturi zetu mfano ulio karibu zaidi na kazi ninayotaka kuieleza: kazi ya kumtafutia mwanafunzi wa chuo kikuu mtu aliyemtangulia katika njia yake, ili amwongoze kwa nasaha, na wawili hao wasionane uso kwa uso, bali waandikiane na kuzungumza kwa mtandao, pengine mmoja yuko Mbeya na mwenziwe yuko Toronto. Mtangulizi huyo vijana wetu humwita menta. Mimi nitamwita mnasihi, kwa kuwa kutoa nasaha ndiyo kazi yake; na yule anayeongozwa nitamwita mwanagenzi, neno la mafundi wetu wa mbao na wa majahazi, ambao tangu zamani wamemwita hivyo mtu aliyeko kiwandani akijifunza na ambaye mkono wake haujazoea patasi.

Jina hilo la menta lina kisa chake. Katika utenzi wa Homer uitwao Odyssey, mfalme Odysseus wa Ithaca, alipokuwa akiondoka kwenda vitani Troy, alimwachia nyumba yake rafiki aliyeitwa Mentor. Na mwanawe Telemachus alipokuwa mtu mzima, na nyumba imejaa wanaume wakila mali ya baba yake na kumposa mama yake, mungu wa kike Athena alimjia kijana kwa sura na sauti ya Mentor, akamtia moyo na kumpa mashauri. Baada ya karne nyingi, mwaka 1699, kikatokea Ufaransa kitabu cha Fénelon kilichosimulia safari za Telemachus huyo pamoja na mwongozi wake, kikasomwa sana hata jina la mtu likageuka kuwa jina la kazi. Linalonisimamisha katika kisa hiki ni kwamba mashauri yaliyomfaa kijana yalitoka kwa mtu ambaye siye yule aliyedhani anamwona. Mwanafunzi anayepokea barua pepe ya mnasihi asiyemjua yumo katika hali iyo hiyo: ana jina, ana picha ndogo iliyokatwa duara, na nyuma ya picha hajui kuna nani.

Nasi tulikuwa na wetu. Mwali wa pwani alipewa somo, mwanamke aliyemtia katika mambo ya utu uzima, na neno hilo ni la ajabu, kwa kuwa limebeba pamoja fundisho lenyewe, mtu mnayeitana naye jina moja, na mwandani usiyemficha siri. Somo hakupatikana kwa kura. Wazee waliketi wakaulizana ni nani anayemfaa mtoto huyu, nao walikuwa wakimjua mwali toka kuzaliwa kwake, na somo toka ujana wake, na shauri lao lilikuwa shauri la watu wanaochota maji kisima kimoja. Intaneti imetupa wanasihi wengi kuliko mji wowote unavyoweza kuwatoa, na papo hapo imetuondolea wale wazee waliokuwa wakiwajua watu wote wawili. Na mambo yote nitakayoyasema kuanzia hapa yanatokana na upungufu huo, na jinsi watu walivyojaribu kuuziba.

Mfano ninaotaka kuukalia kidogo ni wa Marekani. Katika chuo cha Dartmouth, jimbo la New Hampshire, mwaka 1990, bibi mmoja aitwaye Carol Muller, pamoja na mwenziwe Mary Pavone, walianzisha mradi wa kuwasaidia wanafunzi wa kike wanaosoma sayansi, kwa kuwa waliona wasichana wakiingia katika masomo hayo na kuyaacha njiani. Mhandisi wa kike aliyekwisha kuajiriwa alikuwa haba, na hao wachache wametawanyika katika viwanda vya nchi pana, hata mwanafunzi wa mji mdogo aliweza kumaliza masomo yake asiwahi kuzungumza na mwanamke hata mmoja anayefanya kazi ile anayoitamani. Barua pepe ilikuwa jambo jipya vyuoni siku zile, na Muller akatambua kwamba chombo hiki hakijali maili wala ratiba. Mhandisi aweza kuandika usiku watoto wake wakiwa wamelala, na mwanafunzi akasoma asubuhi kabla ya darasa. Mwaka 1997 akaunda MentorNet, programu ya kuwaunganisha wanafunzi wa uhandisi na sayansi wa vyuo vingi na watu walio kazini, mmoja kwa mmoja, kwa barua pepe, kwa muda wa miezi 8, na kilichoombwa kwa mnasihi kilikuwa kama dakika 20 tu kwa juma. Hebu msomaji aitazame hesabu hiyo. Ni muda wa kunywa kikombe cha kahawa.

Kila upande ulijaza maelezo yake: fani, daraja ya elimu, aina ya kazi, na mengineyo, kisha ukataja mapendeleo yake, na hesabu ya kompyuta ikapima pande zote mbili, ikatafuta jozi ambayo mwanagenzi angeiridhia na mnasihi naye angeiridhia. Mshenga alikuwa amegeuka kuwa mashine. Lakini mashine, kama mshenga, haina budi kuambiwa kwanza kufu ni nini, na hapo ndipo penye ugumu wenyewe, kwa maana watu wema na wenye elimu wamehitilafiana sana juu ya swali hilo.

Wako wanaosema kwamba kufu ni kufanana kwa dhahiri: mwanamke apewe mwanamke, mtu wa rangi hii apewe wa rangi yake, mtoto wa shamba apewe mtoto wa shamba aliyefika. Wana ithibati, na si haba. Katika Chuo Kikuu cha Massachusetts huko Amherst, wataalamu Tara Dennehy na Nilanjana Dasgupta waliwachukua wasichana 150 walioanza masomo ya uhandisi, wakawagawa kwa bahati nasibu: wengine wakapewa mnasihi wa kike, wengine wa kiume, na wengine hawakupewa mtu. Wanasihi hawa walikuwa wanafunzi wenzao wa miaka ya juu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2017. Mwaka wa kwanza ulipokwisha, wale waliopewa mnasihi wa kike walikuwamo wote katika uhandisi, asilimia 100, ilhali waliokosa mnasihi walipungua kwa asilimia 11, na waliopewa wa kiume walipungua kwa asilimia 18. Wanasihi wa kiume hawakuwa watu wabaya, wala tofauti haikuwa ya alama za mitihani. Wasichana wale waliingia darasani wakazungukwa na wavulana, na kila juma moyo uliwauliza kama hapa ni mahali pao. Aliyekuwa na mnasihi wa kike alikuwa na jibu lililo hai, linalotembea na kucheka, na aliyekosa alibaki na swali lake.

Nilipoisoma habari hiyo niliwakumbuka wasichana wetu wa uhandisi, wanaoingia karakana wakakuta wao ni wanne au watano katika darasa zima, na sikuwa na haja ya kushawishiwa zaidi. Hata hivyo uchunguzi ule ulikuwa wa watu waliokuwa wakionana chuoni, na mtandao una mambo yake. Mwaka 2011 Stacy Blake-Beard na wenzake, na Carol Muller alikuwa mmoja wao, walitoa uchunguzi wao juu ya wanafunzi wa sayansi na uhandisi, wakaona kwamba wengi, na hasa wanawake na watu wa rangi, waliona ni jambo kubwa kupata mnasihi wa jinsia yao au wa asili yao, na waliompata walisema wamesaidiwa zaidi. Lakini kufanana huko hakukubadili mafanikio yao katika masomo. Kisha mwaka 2013 Lillian Eby na wenzake walikusanya tafiti nyingi za unasihi, za watoto, za vyuo na za makazini, wakazipima pamoja, nao wakaona kwamba kufanana kwa ndani, yaani kwa mitazamo, thamani na mambo mtu anayoyajali, kuna nguvu kuliko kufanana kwa dhahiri katika kuufanya uhusiano uwe mwema.

Mimi sioni kwamba maneno haya yanapingana. Mtu anayeogopa kwamba hapa si pake huhitaji kwanza kumwona aliye kama yeye, na haja hiyo ni ya kweli kama njaa. Kumpa badala yake mtaalamu mashuhuri asiyefanana naye kwa lolote ni kumpa mwenye kiu kitabu cha habari za mito. Lakini yule ambaye hofu hiyo hana, ambaye tashwishi yake ni kama aendelee na masomo ya shahada ya uzamili au aajiriwe, au jinsi ya kumwambia baba yake kwamba hataki tena udaktari, huyo kufu yake ni mtu aliyepita katika tashwishi iyo hiyo, awe mwanamume au mwanamke, Mchaga au Mmakonde. Kosa la programu nyingi ni kumwamulia mwanafunzi ni ipi katika haja hizo mbili iliyo yake, pasipo kumwuliza.

Wenye hesabu nao wamelishughulikia jambo hili la kuunganisha watu, na ustadi wao unastahili kuelezwa kwa taratibu. Mwaka 1962 Wamarekani wawili, David Gale na Lloyd Shapley, waliandika makala fupi juu ya kupokewa kwa wanafunzi vyuoni na uimara wa ndoa. Naam, ndoa, kwa kuwa hata wao hawakuona mfano ulio bora kuliko huo. Chukua wanagenzi watatu na wanasihi watatu, na kila mmoja aandike orodha ya wale walio upande wa pili kwa daraja, anayemtaka kwanza, wa pili, na wa tatu. Kila mwanagenzi apeleke posa kwa yule wa kwanza katika orodha yake. Ikiwa mnasihi mmoja amepata posa mbili, amshike yule anayempendelea, amkatae mwingine, lakini huyo aliyeshikwa asiambiwe bado kwamba amekubaliwa, ameshikwa tu. Aliyekataliwa apeleke posa kwa wa pili katika orodha yake, na mnasihi aliyekuwa amemshika mtu, akiletewa aliye bora kwake, ana ruhusa ya kumwachia wa kwanza na kumshika wa pili. Iendelee hivyo mpaka asiwepo wa kukataliwa, na hapo tu ndoa zifungwe zote kwa pamoja. Gale na Shapley walithibitisha kwamba mwishoni hapatakuwa na mwanagenzi na mnasihi, walio katika jozi mbalimbali, ambao wote wawili wangependa kuziacha jozi zao ili wawe pamoja. Ndiyo maana hali hiyo waliiita uimara.

Kanuni hiyo ina siri ndani yake: upande unaoposa ndio unaopata lililo bora kabisa katika yanayowezekana bila ya kuuvunja uimara huo, na upande unaoposwa hupata lililo duni kabisa katika hayohayo. Katika Marekani madaktari wanaomaliza chuo wamekuwa wakigawanywa katika hospitali kwa utaratibu mmoja wa taifa tangu mwaka 1952, na kwa miaka mingi hesabu yake ilizipa hospitali nafasi ya kuposa. Ulipotengenezwa upya kwa mashauri ya Alvin Roth, utaratibu uliotumika kuanzia mwaka 1998 uliwapa madaktari vijana nafasi hiyo. Roth na Shapley walipewa Tuzo ya Nobeli ya uchumi mwaka 2012. Gale alikuwa amekwisha kufariki. Kwa hiyo mwenye programu ya unasihi anapoamua ni nani aanze kuchagua, ameamua pia ni nani afaidi, na mimi nasema bila kusita kwamba aanze mwanafunzi. Mnasihi ana kazi yake, mshahara wake na marafiki zake. Akipata mwanagenzi wa pili katika orodha yake hatapungukiwa na kitu.

Hesabu hii, pamoja na uzuri wake wote, huziamini orodha. Daktari kijana amekwisha kuzitembelea hospitali, amezungumza na watu wake, na anapoandika ya kwanza na ya pili anajua anachokiandika. Mtoto aliyetoka Songea juma lililopita na sanduku lake la bati, ambaye kwao wa kwanza kusoma hadi chuo kikuu ni yeye mwenyewe, atawapangaje kwa daraja watu sita ambao kazi zao hajawahi kuzisikia? Mchambuzi wa takwimu na mhandisi wa mabomba kwake ni maneno matupu. Atachagua mwenye cheo kirefu, au anayeishi Ulaya, au mwenye picha ya kutabasamu. Kompyuta itaipokea orodha hiyo kwa heshima zote na kuifanyia hesabu iliyo sahihi.

Miaka kadhaa iliyopita niliombwa na chuo kimoja, ambacho sitakitaja, nisaidie katika programu yao ndogo ya kuwaunganisha wanafunzi na wahitimu waliotawanyika ndani na nje ya nchi. Fomu ilikuwa imekwisha kutengenezwa nilipofika. Iliuliza jina, fani, mkoa, lugha, na ndoto ya maisha katika maneno yasiyozidi hamsini. Jozi zilipangwa, barua za pongezi zikapelekwa pande zote, na katika daftari la ofisi kila jozi ikaandikwa kwamba imeunganishwa. Juma la tatu mhitimu mmoja, aliyekuwa akifanya kazi Ujerumani, akaandika kwa masikitiko kwamba mwanagenzi aliyepewa hana haja naye, kwa kuwa hajamwandikia hata neno moja, na kwamba yeye ni mtu wa shughuli nyingi.

Nilimtafuta binti huyo. Alikuwa mwaka wa pili, na nilimkuta ameketi juu ya benchi la saruji chini ya mwarobaini, akingoja darasa la saa nane.

“Shikamoo mwalimu.”

“Marahaba, mwanangu. Mbona hujamwandikia mnasihi wako?”

Hakujibu. Alitoa simu yake, kioo chake kimepasuka pembeni, akafungua mahali pa kuandikia akanipa. Barua ilikuwamo. Ilikuwa na aya moja nzuri ya kujieleza, jina lake, fani yake, na kwamba anahofia somo moja la hesabu ambalo wenzake wengi hulipatia sapu, yaani hutakiwa kurudia mtihani, na wengine huishia kwenye lile neno ambalo wanafunzi wetu hulitaja kwa sauti ya chini, disko, maana yake kuondolewa chuoni. Lakini mstari wa kwanza ulikuwa mtupu. Akanieleza kwamba aliandika Shikamoo akaifuta, kwa kuwa pengine mtu huyu amemzidi miaka mitatu tu naye ataona anafanywa mzee. Akaandika Habari za kazi akaifuta, kwa kuwa kama ni mtu wa makamo itakuwa utovu wa adabu. Na jina alilopewa lilikuwa herufi moja ikifuatwa na jina la ukoo, hata hakujua kama aseme kaka au dada. Majuma matatu aliifungua barua ile kila usiku, akaitazama, akaifunga.

Nakiri kwamba niliona haya. Tulikuwa tumekaa watu watano wenye shahada kuipanga fomu ile, nasi sote ni Waswahili tunaojua kwamba kwetu mazungumzo hayana mlango mwingine ila salamu, na hakuna aliyekumbuka kumpa mtoto ufunguo. Nilimwandikia mhitimu yule usiku huohuo, nikamsihi aanze yeye. Akafanya jambo jema kuliko nililomwomba: aliandika kwamba yeye ni mwanamume wa miaka ishirini na tisa, amwite kaka, na kwamba somo hilohilo la hesabu lilimpa sapu mwaka wake wa pili, akalirudia Septemba akiwa amekopa nauli ya kurudi chuoni. Jibu la binti lilimfikia kabla ya alfajiri, nalo lilikuwa refu.

Wawili hao hawakufanana kwa jinsia, wala kwa mkoa, wala kwa ndoto za maneno hamsini. Walifanana kwa sapu. Fomu yetu haikuwa na swali ambalo lingeweza kuligundua hilo. Waama hakuna mtu anayeandika kushindwa kwake katika fomu ya ofisi asipoulizwa kwa upole. Tangu siku ile nimeshikilia kwamba pande zote mbili ziulizwe maswali mawili kabla ya mengine yote. Mnasihi aulizwe: ulipokuwa chuoni, ni kitu gani kilikaribia kukushinda? Mwanagenzi aulizwe: ni jambo gani linakukosesha usingizi sasa? Majibu hayo yakisomwa na mtu mwenye huruma, hata kama kompyuta imekwisha kupanga fani na lugha, kufu huonekana humo upesi kuliko katika orodha ya vyeo.

Yako mambo mengine madogo ambayo huvunja jozi, nami nitayapita haraka. Saa ni mojawapo: mhitimu aliyezoea saa za Ulaya huandika tukutane saa 3, naye amekusudia alasiri, na mwanafunzi wa Dodoma husubiri saa tatu asubuhi mpaka kifurushi chake cha intaneti kikaisha, basi na iandikwe asubuhi au alasiri, na ya nchi gani. Kifurushi chenyewe ni jambo, kwa kuwa kijana ambaye boom, yaani fedha ya mkopo, imechelewa, hawezi kuzungumza kwa video saa nzima, na aibu humzuia kusema. Maandishi ni nafuu, na sauti iliyorekodiwa ni nafuu pia. Na lipo neno ambalo wanasihi hulitoa kwa ukarimu na likawa mzigo, nalo ni niulize lolote. Mwanagenzi hana lolote. Angekuwa anajua la kuuliza, nusu ya safari angekuwa amekwisha kuimaliza. Apewe kitu cha kushika: alete barua yake ya kuomba nafasi ya mafunzo kwa vitendo waisome pamoja mstari kwa mstari, na maswali yatazaliwa humo.

Turudi kwa mshenga, ambaye tulimwacha siku ya ndoa. MentorNet hawakuziunganisha jozi kisha wakaziacha. Waliwapelekea wanasihi na wanafunzi barua za kuwakumbusha na kuwapa mada za kuzungumza, kwa utaratibu, muda wote wa miezi ile, na Muller na mwenziwe Peg Boyle Single, walipoeleza kazi hiyo kwa maandishi mwaka 2001, waliyahesabu mafunzo, maelekezo ya njiani na tathmini kuwa ni viungo vya programu yenyewe. Hili ndilo ninaloliona likipuuzwa kwetu kuliko yote. Fedha ya wafadhili na juhudi ya ofisi humalizika siku ya uzinduzi, kwa mabango na fulana na picha, na mtu wa kuuliza mwezi wa pili kama fulani na fulani wanaandikiana bado hayupo. Programu ya jozi 30 yenye mtu mmoja anayepiga simu kila baada ya majuma mawili ni bora kuliko ya jozi 300 zilizomo katika daftari tu, na mwenye fedha kidogo asione haya kuchagua hiyo ya 30.

Aidha pawe na talaka, na iwe nyepesi. Kathy Kram, aliyeandika mwaka 1983 juu ya hatua za unasihi makazini, alikutaja kutengana kuwa mojawapo ya hatua zake, baada ya kuanza na kukua, na baada ya kutengana wawili huweza kuonana upya kwa sura nyingine, kama marafiki. Basi ikiwa kutengana kumo hata katika unasihi uliofana, kwa nini uliokwama ulazimishwe? Mwanafunzi wa kwetu hatasema kwamba mnasihi wake hamfai. Atamheshimu, atanyamaza, atasema mtandao ulikuwa mbaya. Kwa hiyo ofisi yenyewe iulize, mwishoni mwa juma la sita, kila upande kwa faragha, kama wangependa kuendelea au kubadilishiwa, na kubadilishiwa kuandikwe kuwa ni utaratibu wa kawaida, bila ya kutakiwa sababu. Mshenga mwenye insafu hakumfungia mtu mlango ili asifu ndoa aliyoileta.

Nimewaambia wenye programu yaliyo yao. Wewe uliyekwisha kumaliza chuo, ambaye jina la mwanagenzi limo katika simu yako tangu juma lililopita nawe unangoja akuandikie, nakusihi usingoje. Mwandikie usiku huu. Mwambie umri wako, mwambie akuiteje, na umtajie somo lililokushinda.